Uchambuzi wa kisa: mtoto aliyemeza kidonge cha naftalini, na seli nyekundu zilizoishiwa kinga

Usuli

Mgonjwa alikuwa mtoto wa kiume wa umri wa kati ya miaka miwili na mitatu, uzito kilo 14. Mahali, tarehe na baadhi ya mambo madogo yameondolewa au kubadilishwa ili familia isitambulike. Hakuwahi kulazwa kwa ugonjwa wowote, na chanjo zake zilikuwa kamili. Jambo moja halikuandikwa kwenye faili siku ya kwanza kwa sababu hakuna aliyeuliza: siku ya tatu tangu kuzaliwa alipata manjano, akawekwa chini ya taa ya buluu kwa siku mbili.

Aliletwa usiku. Mama alieleza kuwa kwa siku mbili mtoto alikuwa mnyonge, hataki kucheza, analalia bega. Asubuhi ya siku hiyo mkojo wake ulikuwa, kwa maneno ya mama, "kama chai ya rangi iliyokolea."

Usiku wa kwanza: mashine iliyogoma kupanda

Joto nyuzi 37.6, mapigo ya moyo 158 kwa dakika, pumzi 44. Viganja na ulimi vilikuwa vyeupe, macho ya manjano kidogo, kifua safi. Kipimo cha kidoleni kilisoma oksijeni asilimia 89.

Daktari wa zamu aliandika nimonia kali yenye upungufu wa damu, akaanzisha oksijeni na antibiotiki. Uamuzi huo si wa kulaumiwa. Mtoto anayepumua haraka huku oksijeni ikiwa chini ya 90 hupewa oksijeni kwanza, maswali baadaye. Tatizo lilianza saa moja baadaye, pale oksijeni iliyokuwa ikiingia kwa kasi kupitia barakoa iliposogeza namba kutoka 89 hadi 90, ikakwama hapo. Tulibadili kidole. Tukabadili mashine. Tukapasha mguu joto na kupima dole gumba la mguu. Asilimia 90.

Maabara ilileta himoglobini ya gramu 5.8 kwa desilita. Hakukuwa na vimelea vya malaria. Kijiti cha mkojo kilionyesha damu nyingi, lakini chini ya darubini hapakuonekana hata seli nyekundu moja, yaani kilichokuwa kikipita kwenye mkojo ni himoglobini tupu iliyomwagika kutoka kwenye seli zilizopasuka ndani ya mishipa. Kipimo cha Coombs hakikuona kingamwili zilizonasa kwenye seli. Kwa hiyo mwili haukuwa unazishambulia seli zake wenyewe, na kitu kingine kilikuwa kinazipasua.

Aliyegeuza mwelekeo wa kisa ni muuguzi aliyetoa damu. Aliniita akasema, "Dokta, njoo uione rangi yake." Alikuwa ameweka tone moja la damu ya mtoto kwenye karatasi ya chujio, na pembeni yake tone la damu ya mama. Damu ya mshipa wa vena ni nyeusi-nyeusi, lakini ikikaa hewani hunyonya oksijeni na kung'aa. Tone la mama liliwaka wekundu tukiwa tunalitazama. La mtoto lilibaki na rangi ya kahawia, kama kutu iliyoloweshwa.

Kipimo cha gesi za damu kilithibitisha. Shinikizo la oksijeni kwenye ateri lilikuwa milimita 210 za zebaki, juu sana, kama inavyotarajiwa kwa mtu aliye kwenye barakoa. Mapafu yalikuwa yanafanya kazi yake vizuri kabisa. Methemoglobini, yaani himoglobini iliyopoteza elektroni na isiyobeba oksijeni, ilikuwa asilimia 16. Kwa kawaida haizidi 1 au karibu na hapo.

Asubuhi: blanketi

Zamu ya asubuhi ilipoingia, muuguzi mwingine alikuja kumgeuza mtoto na kubadili shuka. Alisimama, akanusa.

"Mama, blanketi hili lilikuwa limehifadhiwa wapi?"

"Sandukuni, Sista. Nililitoa juzi alipoanza kusikia baridi."

"Na sandukuni mnaweka nini?"

Mama alifikiri kidogo. "Zile dawa nyeupe za kufukuza nondo." Kisha uso wake ukabadilika. Akaeleza kuwa siku tatu kabla ya kuja hospitali, dada mkubwa wa mtoto alimwambia kwamba mdogo wake anakula pipi. Mama alimkuta na kidonge kimoja mkononi, akamnyang'anya, akampa maziwa, na jambo likaishia hapo. Dada mwenyewe alikuwa amelamba kimoja akakitema kwa uchungu.

Usiku kucha sisi wenyewe tulikuwa tumemfunika kwa blanketi lile. Mvuke wa naftalini hupita kwenye pumzi na hata kwenye ngozi, na kuna watoto wachanga waliovunjika damu kwa nguo zilizotoka kwenye masanduku ya aina hiyo bila kumeza chochote. Blanketi lilitolewa wodini, mtoto akaogeshwa, nguo zake zikabadilishwa.

Baba alikuja na kidonge kimoja kwenye karatasi. Vidonge vyeupe vya nondo vinafanana kwa macho lakini havina sumu moja: vipo vya naftalini, vya paradiklorobenzini na vya kafuri. Njia ya kuvitofautisha haihitaji maabara. Kwenye maji matupu kafuri huelea, nyingine mbili huzama. Kwenye maji yaliyokolezwa chumvi mpaka chumvi ikaanza kubaki chini, naftalini huelea na paradiklorobenzini huzama. Kidonge cha baba kilizama kwenye bilauri ya kwanza, kikaelea kwenye ya pili.

Kilichokuwa kikiendelea ndani ya seli

Hapa inabidi kutulia kidogo, kwa sababu maamuzi yote yaliyofuata yanasimama juu ya jambo hili.

Oksijeni tunayovuta si rafiki mpole. Kwa kawaida seli huipa elektroni nne kwa mpangilio na kuigeuza maji. Ikipata elektroni moja tu, huwa superoksidi. Ikipata mbili, huwa peroksidi ya hidrojeni. Ikipata tatu, huzaliwa radikali ya haidroksili. Hizi ndizo huitwa molekuli tendaji za oksijeni, na kila seli hai huzitengeneza kila siku. Kwa kiasi kidogo zina faida: seli nyeupe huzitumia kuua vijidudu, na peroksidi kidogo hubeba ujumbe ndani ya seli. Hatari huja zinapozidi uwezo wa seli kuzizima. Hapo ndipo tunasema kuna mkazo wa oksidishaji, jina lililopata umaarufu baada ya Helmut Sies kulieleza mwaka 1985.

Haidroksili ndiyo mbaya kuliko zote. Hushambulia chochote kilicho jirani yake papo hapo, iwe mafuta ya utando, protini au DNA, na hakuna kimeng'enya kinachowahi kuidaka. Ndiyo maana kinga ya seli huanza mapema, kabla haidroksili haijazaliwa: kimeng'enya cha superoksidi dismutasi, kilichogunduliwa na McCord na Fridovich mwaka 1969, hugeuza superoksidi kuwa peroksidi, kisha katalasi, peroksiredoksini na glutathioni peroksidasi huigeuza peroksidi kuwa maji kabla haijakutana na chuma. Ikishakutana na chuma kilicho huru, haidroksili huzaliwa.

Sasa ifikirie seli nyekundu. Imejaa chuma na imejaa oksijeni, vitu viwili ambavyo mtu mwenye busara asingeviweka chumba kimoja. Haina kiini, kwa hiyo haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya kile cha zamani kikichakaa. Haina mitokondria. Na inatakiwa kuishi siku 120 hivi. Hata bila sumu yoyote, sehemu ndogo ya himoglobini yake hupoteza elektroni kila siku na kuwa methemoglobini, ambayo haibebi oksijeni, na kila inapotokea hivyo superoksidi moja huachwa ikizunguka.

Inaishije basi? Kwa glutathioni. Molekuli mbili za glutathioni hutoa elektroni kuizima peroksidi, kisha hushikana na kuwa butu. Ili zinolewe upya zinahitaji NADPH, molekuli inayobeba elektroni. Seli nyingine za mwili zina njia kadhaa za kupata NADPH, lakini seli nyekundu ina mlango mmoja, na funguo wa mlango huo ni kimeng'enya cha G6PD. Hata katalasi huishikilia NADPH ili isichoke.

Naftalini ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa naftoli na naftokwinoni. Kwinoni hizi huchukua elektroni ndani ya seli, huikabidhi oksijeni, superoksidi huzaliwa, kisha kwinoni hurudi kuchukua elektroni nyingine. Molekuli moja huweza kurudia kazi hiyo mara nyingi, kwa hiyo kidonge kimoja si dozi moja. Ni mashine iliyowashwa. Seli yenye G6PD ya kutosha huongeza kasi ya kutengeneza NADPH na kustahimili. Seli ya mtoto huyu ilitumia glutathioni iliyokuwa nayo, na ilipokwisha haikuwa na cha kuinolea. Himoglobini ikaoksidika na kuganda kuwa vipande vilivyojibandika chini ya utando, viitwavyo miili ya Heinz. Wengu huving'oa vipande hivyo seli inapopita, na seli hutoka ikiwa imepungua upande mmoja kama andazi lililong'atwa. Nyingine hupasuka njiani.

Seli zilizong'atwa tulikuwa nazo kwenye kioo tangu usiku. Mtaalamu wa maabara aliziandika kama "seli zenye maumbo yasiyo ya kawaida," na hakuna aliyeuliza maumbo gani. Miili ya Heinz yenyewe haionekani kwa rangi ya kawaida ya damu. Lazima uagize rangi maalumu kwa seli zilizo hai, kama methili violeti. Tulipoagiza, ilijaa kioo.

Uamuzi uliokaribia kutugharimu

Dawa ya methemoglobini inayofundishwa kote ni buluu ya methilini, miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, kwenye mshipa. Ilikuwa imeshaandikwa, na bomba la sindano lilikuwa limeshavutwa, dawa ya buluu iliyokolea. Daktari mwandamizi aliuliza swali moja: "G6PD yake tunaijua?"

Hatukuijua. Akasema isichomwe.

Sababu yake ni hii. Mwili una njia mbili za kuirudisha methemoglobini kuwa himoglobini. Njia kuu hutumia NADH, mbebaji mwingine wa elektroni, na haina uhusiano na G6PD. Njia ya pili ni ya akiba, imelala na karibu haifanyi kazi mpaka buluu ya methilini iiamshe, na hiyo hutegemea NADPH. Kwa mtu asiye na G6PD, dawa haipati elektroni za kufanyia kazi. Haiishii kutosaidia tu: nayo yenyewe ni kioksidishi, kwa hiyo huongeza moto ule ule uliokuja kuzimwa.

Badala yake tuliamua kuongeza damu. Hesabu ilikuwa rahisi: himoglobini 5.8, na asilimia 16 kati yake haifanyi kazi, kwa hiyo mtoto alikuwa akiishi kwa gramu 4.9 hivi. Mililita 10 za seli zilizokolezwa kwa kila kilo zingempa seli zenye G6PD za mtu mwingine, zinazobeba oksijeni na zinazoweza kujitetea. Tulimpa mililita 140 kwa saa nne. Dripu ya maji iliendelea ili himoglobini isigande kwenye mirija ya figo, na mkojo ukapimwa kila saa. Tuliwaambia pia wasimpe maziwa wala chakula cha mafuta kwa siku mbili hizo, kwa kuwa naftalini huyeyuka kwenye mafuta na hunyonywa kwa urahisi zaidi. Maziwa aliyopewa siku ile ya kwanza yalitolewa kwa nia njema, lakini yumkini yaliisaidia sumu.

Matokeo

Himoglobini ilipanda hadi 8.4, ikashuka hadi 7.6 kesho yake kwa kuwa seli za zamani ziliendelea kuvunjika, kisha ikatulia. Methemoglobini ilishuka yenyewe: 16, 9, 3. Mkojo ulikuwa safi siku ya nne. Figo hazikuguswa. Siku ya sita mtoto alikuwa anawafukuza watoto wenzake kwenye korido ya wodi akiwa na kanula mkononi, na siku ya saba aliruhusiwa. Damu ya dada yake ilipimwa mara mbili, ikabaki gramu 11.4.

Kabla ya kuondoka baba aliuliza swali zuri. Alikuwa amesikia kwamba tatizo ni oksidishaji, je, anunue vidonge vya kuzuia oksidishaji? Tulimjibu hapana, na jibu lina sababu mbili. Ya kwanza, mtoto hakukosa glutathioni. Alikosa namna ya kuinoa. Kumwaga vizuiaji zaidi ndani ya seli isiyoweza kuvirudishia elektroni ni kama kumpa fundi asiye na tupa visu vingi. Vitamini C kwa dozi kubwa imewahi kuvunja damu za watu wenye upungufu wa G6PD, kwa kuwa nayo huzalisha peroksidi. Ya pili, hata kwa watu wengine dhana kwamba vizuiaji vingi ni afya zaidi ilishapimwa. Nchini Finland, utafiti uliotangazwa mwaka 1994 uliwafuata wanaume wavuta sigara 29,133. Waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kinaeleweka: jicho la muuguzi wa usiku, pua ya muuguzi wa asubuhi, na swali moja lililoizuia sindano. Nitakaa zaidi kwenye yaliyoshindikana.

Kosa la kwanza lilikuwa kuiamini mashine bila kujua inapima nini. Kipimo cha kidoleni hutuma mianga miwili, wa nanomita 660 na wa 940, na hudhani kuna himoglobini za aina mbili tu, yenye oksijeni na isiyo nayo. Methemoglobini hunyonya mianga yote miwili karibu sawasawa, kwa hiyo mashine hupotoka, na ikizidi sana husoma 85 hivi hata ufanye nini. Namba isiyopanda kwa oksijeni huku kifua ni safi inatosha kuagiza kipimo cha gesi, na sisi tulikiagiza baada ya saa tatu.

La pili ni kungoja midomo ya buluu. Tunafundishwa kwamba methemoglobini humfanya mtu awe wa buluu, na ni kweli, lakini ubuluu huonekana ikifika takriban gramu 1.5 kwa desilita. Asilimia 16 ya 5.8 haifiki hata gramu 1. Upungufu wa damu uliificha dalili tuliyokuwa tunaitafuta. Tulichoona ni midomo ya kijivu, tukaipita.

La tatu ni namna ya kuuliza. Usiku ule mama aliulizwa mara mbili, "Amekula kitu chochote kibaya?" akajibu hapana, na hakudanganya, kwa kuwa kichwani mwake kile kidonge kilikuwa kimeshanyang'anywa. Swali kuhusu blanketi lilifungua kila kitu kwa sababu lilihusu kitu kilichokuwepo mbele yao.

La nne ndilo linaloniuma zaidi. Sampuli ya G6PD ilichukuliwa saa chache baada ya damu kuongezwa, na majibu yakarudi: "kawaida." Siku ile ile daktari mwingine, akiwa na karatasi hiyo mkononi na methemoglobini bado 9, alipendekeza tena buluu ya methilini. Tulibishana karibu na kitanda, jambo ambalo hatukupaswa kulifanya mbele ya mama. Alikuwa sahihi kwa mujibu wa karatasi. Lakini karatasi ilikuwa imepima seli za mtoa damu pamoja na seli changa za mtoto zilizomwagwa na uboho, na seli changa huwa na G6PD nyingi kuliko zilizozeeka. Zile zilizokuwa na upungufu mkubwa zilishapasuka na kwenda na mkojo. Kwenye kilele cha kuvunjika kwa damu kipimo hiki huhesabu walionusurika tu. Sindano haikuchomwa, kwa hoja nyepesi kuliko zote: namba inashuka yenyewe.

Hata hivyo neno "kawaida" liliingia kwenye fomu ya kuruhusiwa. Hiyo ndiyo karatasi ambayo mhudumu wa mahali pengine angeisoma siku ya kumwandikia dapsoni au primakwini, dawa zinazoweza kuvunja damu ya mtu mwenye upungufu wa G6PD. Primakwini ndiyo dawa ambayo kwayo mtafiti Alving na wenzake waliugundua upungufu huu mwaka 1956.

Tulimwita tena baada ya miezi minne, seli za kuongezewa zikiwa zimeshaisha. G6PD ilikuwa asilimia 12 ya kiwango cha kawaida. Jini yake hukaa kwenye kromosomu X, kwa hiyo mtoto wa kiume huipata kwa mama. Na hapo ndipo mama alipokumbuka kaka yake, ambaye utotoni "alikojoa damu" baada ya kumeza dawa fulani na hakuna aliyejua kwa nini. Dada wa mtoto alipimwa kwa kipimo cha haraka, akaonekana yuko sawa, lakini msichana mwenye jini moja yenye kasoro ana mchanganyiko wa seli nzuri na dhaifu, na kipimo hicho humkosa kirahisi. Ameandikiwa kipimo cha kiasi. Fomu ya kwanza tuliiomba, tukalikata neno "kawaida" kwa mstari mmoja unaosomeka, tukaandika jibu jipya na tarehe, na mjomba akapewa barua ya kuja kupimwa.